Mama wa marehemu rafiki yangu anaomba nimwandikie ninachokumbuka

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu, nami naifupisha hapa. Alikuwa na umri wa miaka 11 pale mwenzake wa dawati moja, waliyekaa pamoja tangu darasa la kwanza, alipougua kwa siku chache na kufariki dunia. Watoto wa darasa lile hawakupelekwa mazikoni. Mwalimu aliwatangazia habari asubuhi, akawataka wafungue vitabu, na tangu siku hiyo jina la marehemu halikutajwa tena darasani. Leo msomaji ana miaka 37, na mwanawe wa kwanza ametimiza 11 mwaka huu. Mama wa marehemu, ambaye sasa umri umemwendea, amemtafuta na kumwomba amwandikie chochote anachokikumbuka kuhusu mwanawe. Msomaji anasema kwamba kila akishika kalamu hupata mambo matano au sita tu, kwamba sura ya rafiki yake haimjii, na kwamba lililo wazi kuliko yote ni ugomvi wao wa mwisho, uliohusu rula, ambao uliwafanya wanuniane kwa siku mbili kabla ya mwenzake kuanza kuugua. Anauliza kama ana haki ya kuomboleza, baada ya miaka 26, mtu ambaye hakuwa ndugu yake; anauliza kama amemsahau; na anauliza kama amwambie mama huyo kila kitu.

Ndugu msomaji, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa ndilo jepesi kulijibu ingawa nadhani ndilo ulilokaa nalo kimya kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1989 Kenneth Doka, mtaalamu wa Marekani, aliipa jina huzuni isiyotambuliwa na jamii: huzuni ya mtu aliyefiwa lakini hahesabiwi miongoni mwa wafiwa, hapewi pole wala haulizwi hali, hata mwisho wake yeye mwenyewe hujiona kama anayelilia kisicho chake. Rafiki wa utotoni ni mfano dhahiri wa mtu wa namna hiyo. Watu huketi na wazazi wa marehemu, huwashika mkono kaka na dada zake, lakini aliyekuwa akigawana naye dawati hurudi darasani kesho yake na kukuta nafasi tupu ubavuni mwake. Aidha watu wazima hupenda kuamini kwamba mtoto hakuelewa kilichotokea. Tafiti zinaonyesha kwamba kufikia umri wa miaka 7 hivi watoto wengi huwa wamekwisha kuelewa kwamba kifo hakirudi nyuma, kwamba mwili uliokufa hausikii wala hauoni, na kwamba kila kilicho hai kitakufa. Wewe ulikuwa na miaka 11. Ulielewa vizuri, ulichokikosa ni mtu mzima wa kuzungumza naye.

Kwa nini basi huzuni hii imekurudia mwaka huu? Barua yako yenyewe imejibu, ingawa umelitaja jambo hilo kama habari ya pembeni: mwanao ametimiza miaka 11. Anayefiwa utotoni huuelewa msiba wake upya kila anapofika hatua nyingine ya maisha, kwa sababu kila hatua humwonyesha kitu ambacho hakuweza kukiona kabla. Ulipokuwa na miaka 11 rafiki yako alikuwa mtu wa rika lako, mkubwa wa kutosha kwa mambo yote yenye maana kwenu. Leo unamtazama mwanao akifunga kamba za viatu, unaona jinsi mtu wa umri huo alivyo mdogo, na kwa mara ya kwanza unamwona mwenzako kuwa alikuwa mtoto na mama yake kuwa mama. Kwa hiyo sehemu kubwa ya hicho unachokihisi si deni la zamani ulilochelewa kulilipa, bali ni huzuni mpya ambayo usingeweza kuwa nayo kabla ya kuwa mzazi.

Swali la pili linahitaji nafasi kubwa zaidi. Unasema umemsahau kwa kuwa ukifumba macho sura yake haiji. Kuna kukumbuka kwa aina mbili ambazo watu huzichanganya: kukiita kitu kutoka akilini bila msaada wowote, na kukitambua kinapoletwa mbele yako. Mwaka 1975 Harry Bahrick na wenzake wawili walichapisha utafiti uliowahusisha watu 392 waliomaliza shule ya sekondari kwa nyakati tofauti, wengine miezi michache tu iliyopita na wengine karibu nusu karne. Walipotakiwa kutaja kutoka kichwani majina ya waliosoma nao, walitaja machache, na idadi ilipungua kadiri miaka ilivyozidi. Lakini walipowekewa picha za wanafunzi na kutakiwa kuonyesha ni yupi waliyesoma naye, walipatia kwa takriban asilimia 90, hata wale waliokuwa wamemaliza shule zaidi ya miaka 30 nyuma. Sura ya rafiki yako, kwa hiyo, huenda imo. Kilicholegea ni njia ya kuifikia. Siku utakapoonyeshwa picha yake sidhani kama utauliza huyu ni nani.

Hata hivyo, nakushauri usianze na picha. Picha ina nguvu ya kukalia nafasi ya kila kitu kilichokuwepo kabla yake, na ukishaitazama kwa muda utashindwa kujua kama unachokikumbuka ni mtoto aliyekaa kando yako au ni karatasi uliyoonyeshwa jana. Andika kwanza, tazama baadaye.

Na kabla ya kuandika, rudi mahali penyewe. Duncan Godden na Alan Baddeley, katika mwaka huo huo wa 1975, waliwapa wapiga mbizi orodha za maneno ya kujifunza, nyingine wakiwa nchi kavu na nyingine wakiwa chini ya maji, wakaona kwamba maneno yaliyojifunzwa chini ya maji yalikumbukwa vizuri zaidi chini ya maji, na ya nchi kavu nchi kavu. Mahali hushika sehemu ya kumbukumbu. Kama darasa lenu bado lipo na unaweza kuruhusiwa kuingia, ingia ukae. Kama halipo, chora ramani yake: mlango upande gani, ubao wapi, dirisha lililokuwa karibu nanyi lilitazama nini, nani alikaa mbele yenu na nani nyuma. Usilazimishe kumfikia yeye moja kwa moja. Wengi niliowashauri kufanya hivi waliniambia kwamba walikuwa wakihangaika kukumbuka jina la mtoto wa dawati la mbele, mara wakamsikia rafiki yao akimchokoza mtoto huyo. Harufu nazo zisidharauliwe, kwani huelekea kuamsha mambo ya miaka kumi ya kwanza ya maisha kuliko maneno au picha zinavyofanya. Vumbi la chaki au daftari jipya linaweza kukufikisha mahali ambapo juhudi haikufikishi.

Sasa jambo la tahadhari. Kumbukumbu haikai akilini kama barua ndani ya bahasha. Frederic Bartlett wa Uingereza alionyesha mwaka 1932 kwamba watu waliosoma hadithi ngeni kwao na kutakiwa kuisimulia mara kwa mara waliifupisha, waliondoa yasiyoeleweka na kuingiza yaliyozoeleka kwao, bila kujua kwamba wanaibadilisha. Nami nina ushahidi wangu mdogo. Mwanafunzi mwenzangu mmoja alifariki tukiwa bado wadogo, na kwa miaka mingi nilikuwa tayari kuapa kwamba alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Nilipoiona picha ya darasa ukubwani, nilikuta mabega yetu yako sawasawa. Sikufurahi kusahihishwa, nakiri, na mpaka leo nikimwaza humwaza mrefu.

Kosa la namna hiyo halina ubaya endapo utalijua kuwa linawezekana. Kwa hiyo unapoandika, tenganisha wazi yale uliyoyaona kwa macho yako, yale uliyoambiwa baadaye, na yale unayoyadhani tu. Andika “nilimwona”, andika “niliambiwa na wenzangu”, andika “nahisi, lakini sina hakika”. Mama anayesoma atakuamini zaidi ukimwonyesha mahali ambapo hujui, kuliko ukimpa hadithi iliyonyooka mwanzo hadi mwisho.

Kuna sababu nyingine ya umaskini wa mambo yako matano au sita, ambayo haina uhusiano wowote na upendo kupungua. Mwaka 1985 Daniel Wegner alieleza jinsi watu wawili walio karibu wanavyogawana kazi ya kukumbuka: mmoja hushika majina, mwingine hushika njia, mmoja huanza kisa, mwingine hukimalizia. Hakuna anayebeba vyote, kwa kuwa kila mmoja anajua kingine kiko kwa mwenzake. Mwenzako alipofariki aliondoka na nusu ya mambo mliyoyajua wawili, na wewe ukabaki na visa ambavyo mwisho wake ulikuwa kwake. Hakuna aliyebaki wa kukuambia “la, haikuwa hivyo”. Ndiyo maana nakushauri utafute wanafunzi wengine wawili watatu wa darasa lile. Lakini kila mmoja aandike peke yake kwanza, ndipo mkutane, kwa sababu watu wakikumbuka kwa pamoja bila maandalizi hutokea mambo mawili yasiyotakiwa: huambukizana makosa, na kwa jumla hutoa machache kuliko ambayo wangetoa kila mmoja akiwa kivyake.

Nifike kwa mama. Labda unaogopa kwamba maandishi yako yatatonesha kidonda ambacho kimekwisha kupona. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1917 Sigmund Freud aliandika kwamba kazi ya maombolezo ni kuuondoa moyo hatua kwa hatua kwa aliyekufa, mpaka uwe huru kushikamana na kingine, na wazo hilo lilitawala ushauri wa wafiwa kwa miaka mingi. Lakini Freud mwenyewe alifiwa na binti yake Sophie mwaka 1920, na mwaka 1929, siku ambayo binti huyo angetimiza miaka 36, alimwandikia rafiki yake aliyefiwa na mtoto kwamba nafasi ile haizibiki kikamilifu, na kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Angalia kwamba baba huyo bado alikuwa akihesabu miaka ya mwanawe. Mwaka 1996 Dennis Klass, Phyllis Silverman na Steven Nickman walikusanya ushahidi unaoonyesha kwamba wafiwa wengi hawaukati uhusiano wao na marehemu. Huubadilisha na kuendelea nao, na jambo hilo peke yake si ugonjwa. Mama huyu hajakuomba umsaidie kusahau. Yaelekea hakuna siku aliyosahau.

Fikiri pia juu ya jambo hili. Mtu anayekufa akiwa na miaka 80 huacha watoto, wajukuu, waliofanya kazi naye, pengine na maandishi. Anayekufa akiwa na miaka 11 huacha daftari chache, jina katika rejista ya mahudhurio, na kundi dogo la watu waliomjua: wazazi, ndugu, walimu, na nyinyi mliosoma naye. John Mbiti, mwanafalsafa wa Kenya, mwaka 1969 alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani, kueleza kwamba katika fikra nyingi za Kiafrika aliyekufa hubaki katika sasa maadamu yuko hai mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina, na huzama katika zamani pale wa mwisho wao anapoondoka. Msomaji anaweza kuikubali au kuikataa falsafa hiyo, lakini hesabu yake haikwepeki. Kwa rafiki yako kundi hilo lilikuwa dogo tangu mwanzo, na mama yake, aliyekwisha kuzeeka, amelihesabu.

Zaidi ya hayo, una kitu ambacho yeye hana. Yeye alimjua mtoto wa nyumbani, aliyelala, aliyekula na aliyeugua mbele ya macho yake. Kila siku mtoto huyo alitoka mlangoni akaingia mahali ambapo mama hakuwepo, na huko alikuwa na jina la utani, alikuwa na waliomwogopa na aliowaogopa, alikuwa na mchezo aliouweza na somo lililomshinda. Miaka yote hii mama ameambiwa kwamba mwanawe alikuwa mtoto mzuri, mtiifu, mwenye akili, kwa kuwa ndivyo watu husema juu ya mtoto aliyekufa. Sifa hizo hazina kosa, ila zinamfaa mtoto yeyote. Wewe mpe yule mmoja. Ukiandika kwamba alikuwa mcheshi hujamwambia kitu. Ukiandika kwamba alikuwa akianza kucheka kabla hajafika mwisho wa kichekesho, hata nyinyi mkacheka bila kujua mnachekea nini, umempa dakika moja ya maisha ya mwanawe ambayo hakuwa nayo. Alishikaje kalamu? Herufi gani aliiandika kwa namna yake? Alijibuje alipoitwa jina wakati wa mahudhurio? Alificha nini ndani ya dawati? Mambo matano ya namna hiyo yanatosha kabisa, na wala usiyarefushe kwa kuyapamba.

Usimkuze, vilevile. Kuna kishawishi cha kuandika angekuwa nani leo: daktari, mwalimu, baba au mama wa watoto. Liache jambo hilo kwa mama, kama atataka kulianzisha yeye. Wewe ulimjua mtu wa miaka 11, na huyo ndiye unayeweza kumtolea ushahidi.

Umeniuliza kuhusu ugomvi wa rula, na naona ndiyo sababu halisi ya barua yako. Watoto huamini kwa urahisi kwamba hasira yao ina nguvu ya kudhuru; aliyemnunia mwenzake Jumatatu na kusikia Ijumaa kwamba amekufa anaweza kuyaunganisha mambo hayo mawili ndani ya kifua chake na kuishi nayo hadi utu uzima bila kuyakagua tena. Yakague sasa. Kununiana kwa siku mbili ni jambo la kawaida kabisa kati ya marafiki wa umri huo, na kawaida huisha bila mtu kuomba msamaha: siku ya tatu mmoja huazima kifutio na mambo yamekwisha. Ninyi mlinyimwa siku ya tatu. Uzito wote wa ugomvi ule unatokana na kilichofuata, ambacho hakuna aliyekijua; Baruch Fischhoff alionyesha mwaka 1975 kwamba mtu akishajua mwisho wa jambo hujidanganya kwamba dalili zake zilikuwa wazi tangu awali.

Je, umwandikie mama? Maoni yangu ni kwamba umwandikie ugomvi, usimwandikie majuto. Kisa cha rula kinamwonyesha mwanawe akiwa hai, mbishi, akidai haki yake kwa sauti. Sitashangaa kama mama atacheka, kwa kuwa atautambua ubishi huo. Majuto yako ni mzigo mwingine. Ukiyaweka ndani ya barua hiyo, mama mzee atalazimika kukufariji wewe juu ya kifo cha mwanawe mwenyewe, na hilo si haki. Kwa majuto, chukua karatasi ya pili. James Pennebaker na Sandra Beall mwaka 1986 waliwataka wanafunzi waandike kuhusu jambo lililowaumiza, kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioandika matukio pamoja na hisia zao walikwenda kutafuta matibabu mara chache zaidi katika miezi iliyofuata. Manufaa ya zoezi hilo si makubwa kama yanavyovumishwa wakati mwingine, lakini halina gharama na halimbebeshi mtu mwingine chochote. Iandike barua hiyo kwa rafiki yako, umwambie yote, kisha uifiche au uichane.

Jambo moja tu ndilo ningelizuia lisiandikwe, nalo hukulitaja lakini huwa linakuwepo mara nyingi: kama unakumbuka kwamba alilalamika kuumwa darasani na hakuna aliyemjali, usilipeleke kwa maandishi. Mama hawezi kuuliza karatasi maswali. Akikuuliza ana kwa ana, mjibu kweli, taratibu, akiwa na mtu wake wa karibu, na kama hujui mwambie hujui. Usimbunie mtoto maneno ya mwisho, hata kama unaona wazi kwamba ndiyo yanayotamaniwa.

Kuhusu afya yako nitakuwa mfupi. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautambua ugonjwa wa maombolezo ya muda mrefu pale ambapo kumtamani au kumuwaza marehemu kunamtawala mtu kwa zaidi ya miezi 6, kukiambatana na uchungu mkali, kukizidi kiwango cha kawaida cha jamii yake na kuvuruga kazi, familia na maisha yake ya kila siku. Hayo sikuyaona katika barua yako. Ukianza kukosa usingizi kwa wiki nyingi, au kumzuia mwanao asitoke nyumbani kwa hofu kwamba umri huo una mkosi, basi tafuta mshauri wa kuonana naye uso kwa uso. Na mwanao mwambie. Ameshaona kwamba kuna jambo. Mwambie kwa maneno ya wazi kwamba ulikuwa na rafiki wa umri wake, kwamba alikufa, na kwamba umemkumbuka mwaka huu. Usiseme “alilala” wala “alisafiri”.

Ukishamaliza kuandika, peleka mwenyewe kama unaweza, na hapo ndipo uombe kuonyeshwa picha. Halafu muulize mama swali ambalo nahisi hujawahi kufikiria kwamba lina jibu: mwanawe aliporudi nyumbani jioni, alikuwa akisema nini kuhusu wewe? Jina lako lilitajwa katika nyumba ile kwa miaka mitano, na aliyelisikia ni yeye. Huenda hata habari ya rula aliisikia, kwa upande wa pili.